Hasira Inayouzika

Kila baada ya miezi kadhaa kipande kile kile cha filamu huzunguka kwenye simu za watu. Mwanamume mtu mzima, nywele zimelowa chapachapa, koti la mvua juu ya pajama, anaketi kwenye meza ya taarifa ya habari na kuanza kuzitaja taabu za nchi yake: kazi zimeadimika, dola imeporomoka, wahuni wanatamba mitaani, na wananchi wamejifungia ndani wakiomba waachwe tu na runinga zao. Kisha anainuka. Anawaamuru watazamaji nao wainuke vitini, waende madirishani, watoe vichwa nje na kupaza sauti kwamba wamekasirika na hawatavumilia tena. Na kweli, ghorofa baada ya ghorofa, madirisha yanafunguka na watu wanapiga kelele usiku, katikati ya mvua na radi.

Wanaokisambaza hukiambatanisha na habari za bei ya unga, za ufisadi, za uchaguzi. Wanakichukua kuwa wito wa mapambano. Naelewa kwa nini, maana hata mimi niliyekwisha kukitazama mara nyingi bado mwili hunisisimka. Lakini kimekatwa kutoka kwenye filamu yake, na filamu yenyewe inasema jambo jingine kabisa kuhusu kelele zile. Inasema zilikuwa bidhaa, na kwamba ndani ya jengo la televisheni alikuwapo mtu aliyezipokea kwa furaha ya mchimbaji aliyefikia mwamba wenye dhahabu.

Filamu hiyo ni Network, iliyotoka mwaka 1976. Mwandishi wake ni Paddy Chayefsky, mwongozaji ni Sidney Lumet. Mtu wa pajama ni Howard Beale, anayeigizwa na Peter Finch. Ni msomaji wa taarifa ya habari ya jioni katika UBS, mtandao wa televisheni wa kubuni unaoburuta mkia nyuma ya CBS, NBC na ABC. Watazamaji wamemkimbia. Mkewe amefariki, pombe imemtawala, na Max Schumacher, mkuu wa idara ya habari na rafiki yake wa miaka mingi, analazimika kumwambia kwamba amebakiwa na wiki mbili kazini. Siku inayofuata Beale anatangaza hewani kwamba wiki ijayo, katika kipindi hicho hicho, atajiua.

Katika chumba cha mitambo hakuna anayemsikia. Mafundi wako kwenye soga zao, mmoja anahesabu sekunde za kuingia tangazo la biashara, picha ya Beale iko mbele yao kwenye vioo vingi na sauti yake imejaa chumbani. Inapita muda kabla ya mtu mmoja kugeuka na kuwauliza wenzake kama wamesikia alichokisema. Kwangu mimi hapo ndipo filamu inapoanza. Watu wanaoitengeneza habari wamekwisha kuacha kuisikiliza. Kazi yao ni kuhakikisha inapita kwa wakati wake bila kukwama. Wala tishio la Beale halikuwa jambo lisilowahi kutokea: Julai 1974, huko Sarasota, Florida, mtangazaji wa kike mwenye umri wa miaka 29 alijiua mbele ya kamera, kipindi kikiwa hewani.

Chayefsky na Lumet waliijua nyumba waliyoisema. Wote wawili walikomaa katika televisheni ya New York ya miaka ya 1950, wakati tamthilia zilipokuwa zikirushwa moja kwa moja. Mwaka 1953 Chayefsky aliiandikia NBC Marty, hadithi ya muuza nyama wa Bronx aliyekata tamaa ya kupata mchumba. Ilipogeuzwa kuwa filamu ya sinema mwaka 1955 ilipata Oscar ya filamu bora. Lumet aliongoza vipindi vya CBS, kikiwamo kile cha historia ambacho mtangazaji wake alikuwa Walter Cronkite, kabla Cronkite hajawa sauti iliyoaminiwa na Wamarekani kuliko nyingine yoyote. Binti yake Cronkite, Kathy, yumo ndani ya Network. Anaigiza binti wa tajiri aliyetekwa na wanamapinduzi kisha akajiunga nao. Kwa hiyo tashtiti hii ilitoka kwa watu waliokuwa na uchungu na chombo walichokipenda, na uchungu huo ndio unaoifanya iwe kali hadi leo.

Ili kuuelewa uchungu wao ni lazima kuelewa kipimo. Miaka ile Marekani ilihesabu watazamaji kwa njia ya kampuni ya Nielsen, iliyofunga vifaa kwenye televisheni za nyumba takriban 1,200 zilizochaguliwa kuwakilisha nchi yenye watu zaidi ya milioni 200, huku familia nyingine zikijaza madaftari. Pointi moja ilikuwa asilimia moja ya nyumba zote zenye televisheni. Bei ya dakika ya tangazo ilizifuata pointi hizo, na ajira za watu zilifuata bei. Kifaa kilijua kwamba runinga imewashwa na iko kwenye stesheni gani. Hakikujua kama aliyekaa mbele yake ameelimika, ameogopa, analia au amelala kitini. Mtu anayeongozwa na kipimo cha namna hiyo, hata akiwa mwema, hana mahali pa kuandika wema wake.

Diana Christensen, mkuu wa idara ya vipindi, anayeigizwa na Faye Dunaway, hana haja ya mahali hapo. Ni hodari, ana akili za haraka, na hafanyi hila: hasemi kamwe kwamba anatafuta kitu kingine zaidi ya watazamaji. Hata akiwa kitandani na mpenzi wake mdomo wake hauachi kuzungumza pointi na ratiba za msimu. Anatambua mapema kuliko wote kwamba Wamarekani waliotoka katika vita vya Vietnam na kashfa ya Watergate, wakiwa na mfumuko wa bei na ukosefu wa mafuta, wana ghadhabu isiyo na msemaji. Anataka msemaji huyo awe wa UBS.

Nisingependa lawama zote zimwangukie Diana, maana filamu haikufanya hivyo. Anayempa nafasi ni Max Schumacher, yule muungwana, mtu wa enzi ya Edward R. Murrow, mtangazaji wa habari aliyeheshimiwa, anayeigizwa na William Holden kwa uso wa mtu aliyechoka lakini anayeheshimika. Baada ya tishio la kujiua, Beale anaomba arudi hewani aage kwa heshima. Anaporudi anaanza kumwaga matusi. Wakuu wanapiga simu kwa hofu wakitaka akatwe. Max angeweza kumkata. Lakini siku hiyo hiyo, mbele ya wanahisa, wakubwa wa kampuni wamemnyang'anya uhuru wa idara yake bila hata kumjulisha, na ana kisirani. Anawaambia mafundi wamwache Beale aendelee. Kwa hasira yake mwenyewe anafungua mlango, na asubuhi yake Diana anaingia na magazeti mkononi.

Sasa turudi madirishani, maana tukio hilo lina nusu mbili na moja tu ndiyo inayosambazwa. Katika hotuba ile Beale anasema waziwazi kwamba hataki watu waandamane, hataki wafanye ghasia, wala hataki wawaandikie wabunge wao, kwa sababu yeye mwenyewe hajui awaambie waandike nini. Anachotaka ni wakasirike kwanza. Watu wanakasirika, wanapiga kelele, na nyumbani kwa Max binti yake anakimbilia dirishani kuwasikiliza. Wakati huo huo Diana yuko kwenye simu studioni, akiulizia mji mmoja mmoja: wanapiga kelele Atlanta? Na Baton Rouge je? Kila jibu la ndiyo linamwinua. Kelele zilezile ambazo mtoto wa Max anazisikia kama kilio cha majirani, Diana anazisikia kama hesabu. Baada ya dakika chache madirisha yatafungwa, kwa sababu mvua inanyesha na hakuna alilowaambia wafanye, na kesho jioni wote watakuwa mbele ya runinga kumngoja Beale.

Ndipo taarifa ya habari inapogeuzwa onyesho. Kunakuwa na mpiga ramli wa kutabiri habari za kesho, mwanamke wa kufichua siri za wakubwa, ukumbi wenye watu wa kupiga makofi, na Beale akiwa nabii anayezimia mwisho wa kila mahubiri. Kitu cha kutisha ni kwamba mengi anayoyahubiri ni ya kweli. Anawaambia watazamaji kwamba televisheni si ukweli, kwamba wamefika mahali pa kuvaa, kula na kulea watoto kwa kuiga kioo, na kwamba wazime runinga sasa hivi. Wanampigia makofi, na hakuna anayezima. UBS haimzuii kuisema vibaya UBS, kwa sababu kuisema vibaya kunaleta watazamaji.

Hali hiyo hiyo inawakuta wanamapinduzi. Diana anaanzisha kipindi cha wiki kinachotumia picha halisi za kikundi chenye silaha kikiibia mabenki. Wamarekani wa 1976 hawakuhitaji kuelezwa chanzo chake, maana miaka miwili tu nyuma kamera za benki moja ya San Francisco zilimnasa Patty Hearst, mjukuu wa tajiri wa magazeti, akiwa na bunduki pamoja na waliomteka. Katika filamu wanamapinduzi hao wanakutana na wanasheria kujadili mkataba. Laureen Hobbs, mkomunisti aliyeingia kwa maneno ya ukombozi wa wanyonge, sasa anafoka kuhusu mgawo wa mapato na gharama za usambazaji, na kiongozi wa kikundi anafyatua bastola hewani ili kikao kitulie waendelee na vifungu vya mkataba. Chayefsky ana ukatili kidogo hapa. Mkomunisti mweusi ndiye anayeonyeshwa kununulika kirahisi, na ningependa kuona angalau mwanamapinduzi mmoja aliyekataa hela. Lakini jinsi mtu anavyobadilika kifungu kwa kifungu, bila yeye mwenyewe kutambua siku aliyobadilika, imechorwa kwa usahihi unaouma.

Halafu linakuja tukio ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha filamu yote. Beale anagundua kwamba CCA, kampuni inayoimiliki UBS, inataka kununuliwa kwa fedha za Saudi Arabia. (Jinsi Waarabu wanavyosemwa hapo, kundi lisilo na sura linalokuja na mapesa ya mafuta kuinunua Amerika, ni chuki ya wakati ule, na msomaji wa pwani yetu ataitambua mara moja.) Safari hii Beale hawaambii watu wapige kelele. Anawapa kazi: wapeleke simu za maandishi Ikulu, White House, wakitaka mauzo yasimamishwe. Wanazipeleka, nyingi mno, na mauzo yanakwama.

Kwa miezi yote aliyowakasirisha Wamarekani hakuna mkubwa aliyemwita. Alipoikasirisha hadhira mpaka ikatenda jambo, aliitwa siku iliyofuata. Arthur Jensen, mwenyekiti wa CCA, anamwingiza katika chumba kirefu cha mikutano, anafunga mapazia, anasimama mwisho wa meza chini ya taa zilizopangwa mstari, na kumngurumia kama mhubiri. Anamwambia kwamba hakuna mataifa wala watu, kuna mfumo mmoja wa fedha tu, na kwamba yeye, Beale, ameingilia mtiririko wake. Kisha anashusha sauti na kumpa injili mpya ya kuhubiri. Ned Beatty, aliyemwigiza Jensen, anaonekana katika tukio hilo na sehemu ndogo nyingine, na likatosha kumpatia uteuzi wa Oscar. Beale anatoka humo akiamini ameuona uso wa Mungu.

Anahubiri alichofundishwa: kwamba mtu binafsi amekwisha, kwamba dunia ni shirika moja na kila mmoja ni parafujo lake. Watazamaji hawataki kusikia hivyo, na namba zinashuka. Jensen anaagiza abaki hewani hata hivyo. Basi wakuu wa UBS wanakutana ofisini usiku, na kwa sauti ile ile ya kupanga vipindi wanakubaliana kwamba auawe na wanamapinduzi wa Diana, mbele ya ukumbi uliojaa, ili iwe pia uzinduzi mzuri wa msimu. Hakuna anayepaza sauti. Hata wanasheria wamealikwa kimawazo, maana mmoja wa wakuu hao anakumbuka kuuliza habari ya sheria. Beale anapigwa risasi hewani, na vioo vinne vinaonyesha habari za kifo chake sambamba na matangazo ya biashara.

Katikati ya kelele zote hizo kuna mtu mmoja anayekasirika bila watazamaji. Max anamweleza mkewe Louise, waliyeishi naye miaka ishirini na tano, kwamba anampenda Diana. Beatrice Straight, kwa dakika kama tano tu, anapita kwenye mshtuko, ghadhabu, machozi na kurudi kwenye utu wake. Hasira ya Louise inadai kitu mahsusi kutoka kwa mtu mahsusi: kama huna mapenzi tena, angalau niheshimu. Wapiga kura wa Oscar walimpa tuzo kwa dakika hizo, na sijaona mwigizaji aliyestahili zaidi. Finch naye alipata ya mwigizaji bora, lakini alikuwa amefariki kwa moyo Januari 1977, wiki chache kabla ya sherehe. Chayefsky alipanda jukwaani kuipokea kwa niaba yake, kisha akamwita mjane, Eletha, aje aichukue mwenyewe.

Lumet alieleza baadaye kwamba yeye na mpiga picha Owen Roizman waliamua kamera nayo iharibike. Mwanzoni, Max na Beale wakitembea barabarani usiku wakiwa wamelewa, mwanga ni ule ule wa mtaa. Kadiri hadithi inavyosonga taa zinaongezwa, picha zinapangwa zaidi, mpaka kikao cha kuamua mauaji kinang'aa kama tangazo la gari. Mtazamaji haambiwi. Anazoea tu.

Wengi husema filamu hii ilitabiri. Naona iliona tu kilichokuwa mbele yake mapema kuliko wengine. Mwaka 1986, miaka kumi baadaye, General Electric iliinunua RCA pamoja na NBC yake, Capital Cities ikaichukua ABC, na Laurence Tisch wa Loews akashika usukani wa CBS. Idara za habari zilizokuwa zikivumiliwa kwa hasara zikaanza kudaiwa faida. Februari 2016 mkuu wa CBS wa wakati huo, Leslie Moonves, aliwaambia wawekezaji kwamba kampeni za urais zilizokuwa zikiendelea huenda hazikuwa nzuri kwa Marekani lakini zilikuwa nzuri mno kwa CBS. Aprili 2023 Fox News ilikubali kuilipa Dominion Voting Systems, kampuni ya mashine za kura, dola milioni 787.5, baada ya ujumbe wa ndani kuwekwa wazi mahakamani ukionyesha watangazaji na wakuu wakijua kwamba madai ya wizi wa kura za 2020 hayakuwa na msingi, huku wakihofia watazamaji kuwahamia washindani. Diana angeusoma ujumbe ule kama kumbukumbu za kikao chake.

Sisi tulichelewa kuingia katika biashara hii. Mwaka filamu ilipotoka Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, lakini ya serikali, isiyotafuta pointi. ITV ilianza 1994, na Kenya ilipata kituo cha kwanza cha binafsi, KTN, mwaka 1990. Lakini kipimo kipya hakikutungoja. Kuanzia 2017 mtambo wa Facebook, unaoamua tuone nini kwanza, uliipa alama ya uso wa hasira uzito mara tano ya kupenda kwa kawaida, na hilo lilijulikana hadharani mwaka 2021 nyaraka za ndani zilipovuja. Mfumo huo ulipima Kiswahili kama ulivyopima Kiingereza. Kwa miaka kadhaa kila aliyekasirikia chapisho jijini Mwanza au Mombasa alikuwa akilisukuma mbele ya macho ya wengine, na tangazo la biashara likiwa pembeni yake.

Nchi zetu zina watu wa kutafsiri filamu kwa sauti. Lufufu wa Dar es Salaam alikuwa hodari wa kazi hiyo, na Kenya ina DJ Afro. Kwa miaka mingi mabanda ya video yamejaa watu wanaofuata filamu za ngumi na bunduki kwa Kiswahili chao. Namwomba yeyote mwenye kipaji hicho aitafsiri Network, dakika zake zote 121. Walimu wa uandishi wa habari nao waipeleke darasani. Muda ukiwa mfupi, waruke madirisha, maana hayo kila mtu ameyaona, waanzie pale simu za maandishi zinapofika Ikulu na Beale anapoitwa chumbani kwa Jensen.